Mwenye Nyumba Haketi

Meza ilikuwa ya watu ishirini. Vukosava aliiandaa kwa siku tatu, kidogo kidogo, kwa sababu mgongo wake haukumruhusu kusimama zaidi ya robo saa bila kuegemea kitu. Alioka mkate huku tumbo lake limebanwa kwenye ukingo wa meza. Aliviringisha sarma themanini, kila jani la kabichi na nyama yake ndani, goti moja likiwa juu ya kiti. Sufuria ilipojaa hakuweza kuiinua, akaisukuma sakafuni kwa mguu kutoka stoo hadi jikoni, akipumzika mara mbili njiani.

Saa moja na nusu asubuhi alikuja Padri Gavrilo. Akaukata mkate kwa alama ya msalaba, akaumwagia divai, wakauzungusha pamoja mikononi, akaimba haraka haraka.

"Ngano iko wapi?" aliuliza. "Hukuchemsha ngano?"

"Sisi hatuchemshi ngano kwa Malaika Mikaeli. Ngano ni ya marehemu, na malaika hajafa."

"Kila mwaka mnaniambia hivyo, na kila mwaka nawaambia si kweli."

"Basi mwakani utatuambia tena, Padri."

Padri alicheka, akanywa glasi ndogo ya rakija, pombe kali ya matunda, akavaa koti. Alikuwa na nyumba nyingine kumi na sita kabla ya mchana. Gari lake lilipoteremka mlimani, Vukosava alivuta pazia, akahakikisha mshumaa mrefu unawaka vizuri, akasimama mlangoni mwa chumba kikubwa.

Siku ya slava, siku ya mtakatifu wa ukoo, mwenye nyumba haketi. Wageni wanaketi, yeye anasimama, anajaza glasi, anakata mkate, anasikiliza upuuzi wa kila mtu, mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Kwa miaka thelathini na nne aliyesimama alikuwa mumewe, Tihomir, na Vukosava alikuwa jikoni. Tihomir alifariki Julai mwaka jana. Novemba iliyofuata Vukosava aliwasha mshumaa tu, akawaambia watu, "Mwaka huu hatupokei," na hakuna aliyeshangaa, maana nyumba yenye msiba haipokei. Sasa mwaka wa msiba ulikuwa umekwisha. Zamu ya kusimama ilikuwa yake.

Hakumwalika mtu. Wageni wa slava hawaalikwi. Waliokuja siku zote wanakuja, na ukimwalika mtu ni kama unamwambia kwamba peke yake asingekumbuka.

Mfukoni mwa aproni alikuwa na karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne.

Daktari wa Belgradi alikuwa amemwonyesha picha ya uti wake wa mgongo. Pingili moja ilikuwa imeteleza juu ya nyingine kama droo ambayo haikurudishwa vizuri, na hapo katikati mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa. Vukosava hakuhitaji kuambiwa sababu. Amechuma matunda ya rasiberi majira ishirini na sita, ameinama tangu jua linachomoza, na jioni amebeba makreti mpaka kwenye lori la mnunuzi. Maumivu alikuwa ameyazoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi. Lakini mwaka huu mguu ulianza kufa ganzi, na mara mbili ulimwangusha kati ya mistari ya rasiberi. Mara ya pili alilala pale chini hadi mvua ilipoanza, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwita.

"Nitapona?" alimuuliza daktari.

"Mguu, nadhani utapata nafuu. Mgongo wenyewe siwezi kukuahidi, mama. Tutaweka skrubu nne. Wengine wanafurahi, wengine wanasema afadhali wasingefanya. Na upasuaji ni upasuaji, una hatari zake."

"Na nisipofanya?"

"Utaishi. Utaishi hivi hivi unavyoishi."

Maneno hayo ya mwisho alirudi nayo nyumbani kwenye basi, saa nne nzima, na hayakumpendeza hata kidogo.

Nafasi ilikuwa tarehe tisa Desemba. Walimtaka ajibu kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, na leo ilikuwa Alhamisi. Akikataa, jina lake linarudi mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha hakuna aliyejua uko wapi. Baada ya upasuaji ni wiki sita za kutoinama, kutojipinda, kutobeba chochote kizito kuliko chupa mbili za maziwa. Nyumba yake inapata joto kwa kuni. Kuni ziko bandani, banda liko chini ya uwanja, na katikati kuna ngazi saba ambazo Desemba huwa barafu.

Karatasi ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja: Mtu atakayekusaidia nyumbani, jina, uhusiano, simu.

"Huo usiuache wazi," nesi alikuwa amemwambia. "Bila mtu wa kukupokea, daktari hakupasui."

Ndiyo maana meza ilikuwa ya watu ishirini. Vukosava hakukusudia kumwomba mtu. Hajawahi kuomba, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na miaka sitini na moja. Alikusudia kulitaja tu, wakati wa keki, watu wakiwa wameshiba: tarehe tisa naenda kupasuliwa. Halafu mmoja wao angesema mwenyewe. Labda wifi yake Radmila, ambaye hanyamazi lakini ana mikono ya nguvu. Labda Svetozar aliyesimamia harusi yao, au mkewe. Alikuwa amewapanga kichwani usiku kucha: huyu wiki mbili, huyu kuni, huyu kuku.

Saa sita mchana ikapita. Magari yalipanda mlima, na kila moja lilipokaribia kona yeye alijinyoosha na kushika chupa. Yote yalipita. Kijijini kulikuwa na nyumba nyingine nne zenye Malaika Mikaeli, na kutoka kwa mojawapo alisikia akodioni ikipigwa.

Saa saba aliitoa sufuria motoni, kabichi isije ikavurugika. Saa saba na nusu akairudisha. Aliegemea kabati. Alipochoka kabati aliegemea dirisha. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakafika hadi kidole kidogo cha mguu, na hapo yakageuka ganzi. Viti ishirini vilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Hakuketi.

Saa nane simu ililia. Alikuwa mwanawe, Uglješa, anayepaka rangi majumba huko Linz, Austria. Vukosava aliwasha redio kwanza, akaiongeza sauti, ndipo akapokea.

"Slava njema, mama! Nasikia kelele. Wamejaa?"

"Wamejaa. Sisikii hata ninachosema."

"Shangazi Radmila ameshaanza kuimba?"

"Bado. Anakula."

"Nipe nimsalimie."

"Mdomo umejaa sarma, mwache. Wewe umekula?"

"Mkate na soseji, niko juu ya jukwaa. Mama, umemjibu daktari?"

"Kesho."

"Fanya. Mimi nasema fanya. Likizo sina mpaka Pasaka, unajua bosi alivyo, lakini nitamlipa mwanamke wa kukuangalia."

"Mwanamke gani? Wanawake wote wa hapa wako huko kwenu Austria, wanawaogesha wazee wa Austria. Ukimwona mmoja njiani, mrudishe."

Uglješa alicheka. "Mama, kweli. Kuna mtu?"

"Nyumba imejaa watu, hujasikia? Haya, nenda, wananiita."

Alikata simu. Akaizima redio. Nyumba ilipotulia ilikuwa tulivu kuliko kabla ya simu.

Saa tisa na nusu, mwanga wa Novemba ukianza kuwa wa kijivu, mbwa alibweka na mtu akagonga. Vukosava alishika chupa kwa mkono mmoja na trei kwa mwingine, akafungua mlango kwa kiwiko.

Alikuwa Dobrila, jirani wa ng'ambo ya uzio, na kwapani alikuwa na kuku.

"Kuku wako yuko kwangu tena," Dobrila alisema. "Safari ijayo namchinja."

Hao wawili walikuwa na kesi mahakamani kwa mwaka wa tisa, juu ya mistari miwili ya rasiberi iliyo katikati ya mashamba yao. Tangu ianze walikuwa wamezungumza mbele ya hakimu, mbele ya mpima ardhi, na juu ya kuku.

Dobrila alitazama chupa, trei, halafu nyuma ya bega la Vukosava. Akahesabu sahani.

"Wameshaondoka?"

"Hawajaja."

"Wangapi hawajaja?"

"Wote."

Dobrila alimfungia kuku ndani ya kikapu cha kuni pale barazani, akapangusa mikono kwenye sketi, akaingia bila kukaribishwa.

"Ulimwambia nani kwamba unapokea?"

"Haisemwi. Slava haialikwi. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Nilizaliwa kwenye ule mlima pale, na nyumba ikitoka msibani inasema. Si kualika. Unawaambia watu, mwaka huu tunapokea. Mwaka jana ulisema umefunga mlango. Sasa nani aje aupige teke?"

Vukosava alikumbuka Jumapili moja, miaka mingi nyuma, baada ya mwaka wa msiba wa mama mkwe. Tihomir alivaa shati safi akashuka sokoni tangu asubuhi, akarudi jioni mwekundu usoni, na Vukosava alimgombeza kwa ulevi. Kumbe alikuwa amezunguka meza kwa meza akisema kwamba wanapokea. Hakumweleza. Yalikuwa mambo ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa Tihomir.

"Nilimwambia padri," alisema Vukosava.

"Padri! Yule jioni ya leo hakumbuki hata jina lake. Piga simu. Saa hizi bado wanaweza kuja."

"Niwapigie watu waje kula sarma iliyopashwa mara tatu? Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Dobrila, umemleta kuku. Ahsante."

Dobrila hakuondoka. Alikuwa anatazama namna Vukosava alivyosimama, uzito wote upande mmoja, vidole vimeshika ukingo wa kabati mpaka vimekuwa vyeupe.

"Mguu wa kushoto," alisema.

"Wa kushoto."

"Wangu ulikuwa wa kulia. Kaa chini."

"Mwenye nyumba haketi."

"Ana wageni wangapi huyo mwenye nyumba?"

Vukosava alifikiri. "Mmoja. Kama atakula."

"Atakula. Basi simama." Dobrila akavuta kiti, akapiga ishara ya msalaba kuelekea mshumaa. "Slava njema, mwenye nyumba."

Vukosava alimjazia glasi. Alimkatia mkate. Alimpakulia sarma tatu, akasimama nyuma ya kiti kama ilivyo desturi, mkono juu ya kiegemeo, na kwa kweli kiegemeo ndicho kilichombeba.

"Chumvi imezidi," alisema Dobrila.

"Haijazidi."

"Imezidi. Niongeze mbili."

Dobrila alipasuliwa mgongo miaka mitatu iliyopita. Kijiji kizima kilijua. Vukosava alijua zaidi ya kijiji, kwa sababu dirisha la jikoni kwake linatazama uwanja wa Dobrila.

"Waliweka skrubu ngapi?" aliuliza.

"Nne. Nilipoamka nilidhani wameukata mguu, maana hauumi. Nikamwambia nesi, funua shuka nione. Mguu upo. Nililia kama mjinga. Mgongo wenyewe unauma mpaka leo. Mvua ikija, unanitangazia kabla ya redio."

"Ungefanya tena?"

"Usiniulize hivyo. Ukienda ukaharibika utasema Dobrila alinituma, tuanze kesi ya pili. Hii moja inanitosha."

"Na soksi nani alikuvalisha?"

"Hakuna." Dobrila alifuta mchuzi kwa mkate. "Unadhani kwa nini nilisubiri Juni? Waliniita Februari, nikakataa. Juni mtu hahitaji soksi wala kuni. Nilitembea pekupeku wiki sita. Ndoo ya maji nilikuwa naisukuma kwa mguu."

"Nilikuona."

"Najua uliniona. Pazia lilitikisika."

Vukosava alitazama sakafu. Angeweza kusema kwamba wakati ule wakili wake alimkataza kuvuka uzio, na ingekuwa kweli. Lakini wakili hakumwekea mlinzi mlangoni asubuhi na jioni kuhakikisha hatoki.

"Sikuvuka," alisema.

"Hukuvuka."

Dobrila aliendelea kula. Nje akodioni ilinyamaza kidogo, ikaanza wimbo mwingine.

"Mimi wamenipa Desemba," alisema Vukosava. "Tarehe tisa."

"Desemba ni soksi na kuni."

"Ndiyo."

Akangoja. Hivi ndivyo alivyokuwa amepanga kufanya mbele ya watu ishirini, kutaja na kungoja. Dobrila alichukua sarma ya sita, akaichunguza, akaila. Nta iliteremka kwenye mshumaa. Vukosava akaona wazi, bila mtu kumweleza, kwamba hata Radmila asingesema. Hata Svetozar. Wangesema, "Maskini, Mungu akusaidie," wakanyoosha mkono kuchukua keki. Si kwa ubaya. Mtu aliyesimama wima na chupa mkononi, nani atadhani anahitaji kuvalishwa soksi?

"Utakuja kunivalisha soksi?" aliuliza. Ilitoka kama kikohozi.

Dobrila aliweka uma mezani.

"Mimi sikupendi, Vukosava."

"Sikuuliza hilo."

"Na kesi sifuti."

"Nani amekuambia ufute?"

"Mistari ile miwili ni yangu."

"Si yako. Utakuja?"

Dobrila alitazama mshumaa, akatazama viti kumi na tisa vitupu kimoja kimoja, kana kwamba kuna mtu mwingine ambaye angeweza kuulizwa kabla yake.

"Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla sijakamua," alisema mwishowe. "Nawasha jiko, nakuvalisha, naondoka. Jioni naingiza kuni. Sitaki maongezi."

"Nani ana haja ya maongezi yako?"

"Wewe. Nyumba nzima imekunyamazia, inaonekana usoni. Nifungie sarma kumi za kwenda nazo."

"Umesema chumvi imezidi."

"Mbwa hajali."

Alipoondoka na bakuli lake, Vukosava alimsindikiza mpaka barazani kama mgeni yeyote. Alimwona akivuka uwanja, akipita kwenye ile mistari miwili badala ya barabara, makusudi. Kisha akarudi ndani, akauzima mshumaa kwa tone la divai, na kwa kuwa mgeni wa mwisho alikuwa ameondoka, akaketi. Alikaa hapo hadi jiko lilipopoa. Meza ilikuwa ndefu mno mbele yake. Aliogopa skrubu. Aliogopa kuamka akasema funua shuka, kisha asipende anachokiona. Tihomir angekuwepo angemwambia, "Acha kuwaza, mwanamke, lete kahawa," na lisingekuwa jibu, lakini ingekuwa sauti ya mtu.

Asubuhi alirudisha sahani kumi na tisa safi kabatini, mbili mbili, akaosha moja. Saa tatu na nusu akapiga simu Belgradi.

"Nakubali," alisema. "Tarehe tisa."

"Sawa, mama. Mtu wa kukusaidia nyumbani?"

Alitaja jina na ukoo wa Dobrila. Namba yake ya simu aliisoma kwenye barua ya wakili, maana hakuwa nayo mahali pengine popote.

"Uhusiano?"

Kupitia dirisha la jikoni alimwona Dobrila akitoka zizini na ndoo. Hakuangalia upande huu.

"Tuna kesi mahakamani," alisema Vukosava.

"Hiyo siwezi kuiandika," alisema nesi.

"Andika jirani."

"Jirani. Na amekubali?"

"Amekubali. Hanipendi, lakini amekubali."

"Kwa hilo pia sina nafasi kwenye fomu, mama," alisema nesi, na alisikika akipiga taipu. "Fika saa moja asubuhi. Usiwe umekula chochote tangu usiku. Na kuja, utaletwa na nani?"

"Na basi la usiku," alisema Vukosava, na akatoa kalamu, akaifungua ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaujaza mstari akiwa amesimama.